Mfalme Nintoku na moshi wa jikoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayeanza kusoma historia ya kale ya Japani hakawii kukutana na mfalme aliyepanda mahali pa juu, akatazama makazi ya watu wake, na asione moshi ukifuka hata mahali pamoja. Kisa hicho kikishamwingia mtu, maswali hufuatana. Yafuatayo ndiyo yanayorudi kila mara, pamoja na majibu yake.

Nintoku ni nani hasa?

Ni wa 16 katika orodha rasmi ya wafalme wa Japani, mwana wa Ojin aliye wa 15. Alikaa Naniwa, pwani ambayo leo ni jiji la Osaka. Kwa hesabu ya jadi alitawala kuanzia mwaka 313 hadi 399. Karibu yote tunayosimuliwa juu yake yanatoka katika vitabu viwili: Kojiki, kilichokamilika mwaka 712, na Nihon Shoki, kilichokamilika mwaka 720. Kwa hesabu hiyo, kati ya kifo chake na vitabu hivyo pamepita zaidi ya miaka 300. Pengo hilo lishike kichwani unapoendelea kusoma.

Jina Nintoku lina maana gani?

Hakuitwa hivyo alipokuwa hai. Ni jina la heshima alilopewa katika karne ya 8, wakati wafalme wa zamani walipopewa majina ya mtindo wa Kichina. Limeundwa kwa alama mbili za maandishi. *Toku* ni uadilifu. *Nin* huwasumbua watafsiri wa lugha nyingi, lakini Kiswahili kina neno lake tayari, nalo ni utu. Kwa hiyo mfalme huyu anaitwa Utu na Uadilifu.

Jina lake mwenyewe lilikuwa Osazaki, na asili yake inapendeza. Sazaki ni ndege mdogo wa kahawia, mwepesi, anayeruka chini chini vichakani. Nihon Shoki inasema kwamba siku mtoto huyu alipozaliwa, bundi aliingia katika nyumba ya uzazi. Kwetu bundi akitua tu juu ya paa watu hushikwa na hofu. Baba yake, Ojin, alimwita waziri wake Takenouchi no Sukune amweleze maana yake, na waziri akajibu kwamba ni ishara njema. Tena mke wa waziri naye alikuwa amejifungua siku hiyo hiyo na sazaki akaingia ndani. Mfalme akaamua wabadilishane ndege: mwana wa mfalme akaitwa Osazaki, yaani Sazaki Mkubwa, na mwana wa waziri akapewa jina la bundi. Huyo ndege mdogo tutamrudia, kwa sababu baadaye jina hilo liligeuzwa kuwa wimbo wa kumtukana.

Na kama unajiuliza juu ya cheo: neno *tenno*, linalotumika hadi leo kwa mfalme wa Japani, lilianza kutumika katika karne ya 7. Watawala wa wakati wa Nintoku waliitwa *okimi*, mfalme mkuu.

Alipataje ufalme na hali baba yake alimteua mtu mwingine?

Ojin alimchagua mwanawe mdogo, Uji no Wakiiratsuko, kijana aliyesomeshwa vitabu vya Kichina na Wani, mwalimu aliyetoka ufalme wa Paekche huko Korea. Ojin alipofariki, kijana huyo alikataa kukaa kwenye kiti. Alisema kaka yake Osazaki ndiye mkubwa na ndiye anayestahili. Osazaki naye akasema amri ya baba haivunjwi. Wakati huo kaka mwingine, Oyamamori, aliona nafasi akapanga kumuua mrithi. Osazaki alipata habari akamwonya mdogo wake. Wakiiratsuko akajifanya mvushaji, akampandisha Oyamamori katika mtumbwi, na walipofika katikati ya mto Uji akaupindua. Oyamamori akazama.

Hata baada ya hapo wawili hao waliendelea kusukumiana ufalme, na kiti kikakaa wazi miaka mitatu. Kisa kinachonigusa zaidi hapa ni cha mvuvi. Alileta samaki wabichi, zawadi ya mfalme, akawapeleka Uji, alikokaa Wakiiratsuko. Wakiiratsuko akamwambia, mimi si mfalme, wapeleke Naniwa. Akaenda Naniwa. Osazaki akamwambia, mfalme yuko Uji. Samaki wakaoza njiani. Akaleta wengine, yakawa yale yale, mpaka akawatupa na kuangua kilio. Waandishi wanasema ndipo ulipotoka msemo wa mvuvi anayelia kwa ajili ya mali yake mwenyewe. Wakuu walikuwa wanashindana kwa adabu, na aliyelipa gharama ni mvuvi.

Mwisho wake ni wa huzuni. Katika Nihon Shoki, Wakiiratsuko alijiua ili kaka yake asiwe na sababu tena ya kukataa. Osazaki alitoka Naniwa mbio, akafika siku ya tatu, akajipigapiga kifua, akafungua nywele zake juu ya maiti na kumwita mara tatu. Inasimuliwa kwamba mdogo wake alizinduka, akazungumza naye, akamkabidhi dada yake Yata, kisha akalala moja kwa moja. Kojiki haina mambo hayo yote. Inasema tu kwamba Wakiiratsuko alikufa mapema.

Kisa cha moshi kinasemaje?

Katika mwaka wa nne wa utawala wake, Nintoku alipanda mnara na kutazama mbali. Hakuona moshi. Akawaambia wakuu wake: kama hapa karibu na ikulu watu hawana cha kupika, huko majimboni hali ikoje? Akaamuru watu wasitozwe kodi wala wasipelekwe shokoa, yaani kazi ya lazima, kwa miaka mitatu.

Ikulu yenyewe ilikuwa ya kawaida tangu mwanzo: kuta hazikupakwa rangi, na majani ya paa hayakukatwa kingo yakalingana. Sasa ikaanza kuchakaa. Uzio ukaanguka na haukusimamishwa. Mvua ikapita paani ikalowesha nguo na matandiko, na usiku nyota zikaonekana mtu akiwa amelala ndani.

Baada ya miaka mitatu alipanda tena, akaona moshi kila upande. Akamwambia malkia wake, sasa mimi ni tajiri. Malkia akamuuliza, utajiri gani huu wakati uzio umeanguka na mvua inatunyeshea ndani? Jibu lake ndilo lililomfanya akumbukwe: mfalme amewekwa kwa ajili ya watu, wakiwa maskini naye ni maskini, wakiwa na chakula naye ni tajiri.

Wasimulizi wengi huishia hapo, na wanapunja kisa. Nihon Shoki inaendelea kusema kwamba majimbo yaliomba yaruhusiwe kulipa kodi na kuikarabati ikulu, na Nintoku akakataa. Alingoja miaka mitatu mingine. Mwaka wa kumi ndipo aliporuhusu kazi ya ikulu, na watu wakaja bila kusimamiwa, wazee wakishikwa mkono na watoto wakiongozwa, wakibeba miti na vikapu usiku na mchana. Kwa hiyo miaka mitatu iliyozoeleka ni ya Kojiki na ya nusu ya kwanza ya kisa. Ukisoma Nihon Shoki mpaka mwisho, ni sita.

Kisa hicho kilitokea kweli?

Alama za kuazima zinaonekana wazi. Paa la majani yasiyokatwa ni sifa waliyopewa wafalme wema wa kale wa China, hasa Yao, na waliotunga Nihon Shoki walikuwa wasomi wa vitabu hivyo. Tena kuna mpangilio wa kifalme wa Kichina: ukoo huanza na mtawala mwenye utu na huishia kwa mkatili. Ukoo wa Nintoku unaishia kwa Buretsu, mfalme wa 25, ambaye Nihon Shoki inamsimulia kama katili wa kutisha. Jina la Buretsu mwenyewe lina neno sazaki ndani yake. Mwanzo na mwisho wa ukoo vimefungwa kwa ndege mmoja.

Lakini mandhari ya kisa si ya kubuni. Mahali paitwapo Hoenzaka, katikati ya Osaka ya leo, wanaakiolojia walifukua mabaki ya maghala makubwa 16 ya karne ya 5, yaliyopangwa kwa mistari. Maghala ya namna hiyo hayajengwi na kijiji. Mtu fulani mwenye mamlaka alikuwa akikusanya mavuno hapo Naniwa, na kwa hiyo swali la kiasi gani kichukuliwe kwa mkulima lilikuwa swali la kweli katika mji huo.

Mimi nakipenda kisa hiki hata nikijua kimeazima sehemu zake. Maofisa wa mwaka 720, waliokuwa wanaishi kwa kodi, waliona kwamba sifa kubwa ya kumpa mfalme ni kwamba aliacha kutoza.

Alijenga nini?

Naniwa ilikuwa nchi tambarare yenye maji mengi: mito miwili mikubwa, Yodo na Yamato, ilimwaga maji katika uwanda ulio nyuma ya pwani, na mafuriko yakawa ya mara kwa mara. Mwaka wa 11 wa utawala wake ulichimbwa mfereji kaskazini ya ikulu ili maji yapate njia ya kufika baharini. Uliitwa Horie. Likajengwa na tuta la Manda kuuzuia mto Yodo.

Tuta hilo lilikuwa na sehemu mbili zilizobomoka kila zilipozibwa. Mfalme akaota kwamba mungu wa mto anataka watu wawili: Kowakubi wa Musashi na Koromonoko wa Kawachi. Wakatafutwa, wakapatikana. Kowakubi alilia, akajitosa, na sehemu yake ikasimama. Koromonoko alikuja na vibuyu viwili. Akavitupa majini, akasema: wewe mungu, ukinitaka kweli vizamishe vibuyu hivi, nami nitajua ni wewe, visipozama, nife bure kwa nini? Upepo ukavuma, mawimbi yakavipiga vibuyu, vikacheza juu ya maji na kwenda zao. Tuta likakamilika na Koromonoko akarudi nyumbani mzima.

Ona kwamba ndoto ilikuwa ya mfalme mwenye utu, na mtu alikufa kwa ajili yake. Mwandishi wa kale hakulificha hilo, na upande wa akili ya vibuyu hakuuficha pia.

Ni kweli malkia alimwacha?

Ndiyo, na kwa maoni yangu huyu mwanamke ndiye mtu aliye hai kuliko wote katika masimulizi haya. Jina lake Iwanohime, binti wa Sotsuhiko wa ukoo wenye nguvu wa Katsuragi. Vitabu vinamtaja kama mwenye wivu wa kupindukia. Mimi naona mtu aliyekataa ukewenza akausema wazi.

Katika Kojiki, mfalme alimpenda Kurohime, mrembo wa Kibi, ambaye aliamua kukimbilia kwao kwa kumwogopa malkia. Mfalme akapanda mahali pa juu, kama alivyofanya siku ya moshi, akitazama chombo kinavyotoka, akaimba kumlilia. Malkia aliposikia wimbo huo alituma watu wakamteremshe Kurohime chomboni aende kwao kwa miguu.

Kisha mfalme alitaka kumwoa Yata, yule dada aliyekabidhiwa na marehemu. Alimshawishi malkia kwa shairi: Yata atakuwa kama upote wa akiba, wa kufungwa upinde ule wa kwanza ukikatika. Malkia akamjibu kwa shairi kwamba nguo ni vizuri kuvaa mbili, lakini mtu anayetaka kupanga vitanda viwili anatisha.

Mfalme alingoja. Mwaka wa 30, Iwanohime aliposafiri kwenda Kii kuchuma majani ya kuandalia karamu ya ikulu, yeye akamwingiza Yata. Malkia alipata habari akiwa anarudi, tayari yuko kwenye maji ya Naniwa. Akayamwaga majani yote baharini. Hakutia nanga. Akapandisha na mto hadi Tsutsuki katika Yamashiro, akajijengea nyumba huko. Mfalme alituma wajumbe, akatunga mashairi, mwishowe akaenda mwenyewe, na malkia akakataa kuonana naye. Alifia huko mwaka wa 35. Kojiki ina mwisho laini zaidi: watumishi walimwambia mfalme kwamba malkia alikwenda tu kuwaona viwavi wa hariri wa mwenyeji mmoja mwenye asili ya Korea, viumbe vya ajabu vinavyotambaa, kisha vinakuwa kama yai, kisha vinaruka.

Wanawe watatu, Richu, Hanzei na Ingyo, walitawala mmoja baada ya mwingine.

Je, alikuwa mwema kwa kila mtu?

Hapana. Alimtaka Medori, mdogo wake Yata, akamtuma ndugu yake Hayabusawake kuposa. Hayabusawake akamwoa yeye. Hayabusa ni kozi, na kukatungwa wimbo: kozi anapaa angani, na amkamate huyo sazaki. Mfalme aliyeitwa Sazaki alielewa. Wapenzi hao walikimbia kupitia milimani kuelekea Ise, wakafuatwa na kuuawa. Aliyewaua alivua bangili mkononi mwa Medori. Katika Kojiki, mke wa mwuaji huyo alizivaa kwenye karamu ya ikulu na Iwanohime akazitambua. Malkia huyo aliyeitwa mwenye wivu ndiye aliyeona uchafu wa kumvua maiti ambaye mwili wake haujapoa, na mwuaji huyo akahukumiwa kifo.

Sukuna wa kwenye katuni za Kijapani anahusika vipi na Nintoku?

Vijana huuliza hili sana. Asili ya jina hilo iko katika Nihon Shoki, mwaka wa 65 wa Nintoku: huko Hida kulikuwa na mtu aitwaye Sukuna, mwili mmoja na nyuso mbili zinazotazama pande tofauti, mikono minne, mwepesi na mwenye nguvu, aliyewapora watu. Mfalme alimtuma Takefurukuma akamuua. Ni mistari michache tu. Huko Hida kwenyewe, lakini, Sukuna anakumbukwa kwa mema na yapo mahekalu yanayomheshimu. Mara nyingi mtu anayeitwa zimwi na ikulu huwa ni kiongozi wa watu waliokataa kutawaliwa nayo.

Alitawala kweli miaka 87?

Haiwezekani, na vitabu vyenyewe vinapingana. Nihon Shoki inampa miaka 87 ya kutawala. Kojiki inasema aliishi miaka 83 tu, na mwaka wa kifo inaoutaja kwa kawaida huhesabiwa kuwa 427.

Ushahidi wa nje ni mdogo ila una thamani. Kumbukumbu za ufalme wa Song wa China zinataja wafalme watano wa Japani walioleta wajumbe katika karne ya 5. Wa kwanza anaitwa San, na wajumbe wake walifika mwaka 421. Wapo wanaoona San ni Nintoku, wengine wanasema ni Ojin au Richu. Wapo pia wanaodhani Ojin na Nintoku walikuwa mtu mmoja aliyegawanywa na wasimulizi. Mfalme wa kwanza ambaye jina lake linaweza kushikwa kwa mkono ni Yuryaku, wa 21, kwa sababu upanga wa Inariyama, wenye maandishi yanayohesabiwa kuwa ya mwaka 471, una jina lake Wakatakeru.

Kaburi lake lina ukubwa gani?

Liko katika mji wa Sakai, kusini ya Osaka, na huitwa Daisen. Ni kilima cha udongo kilichojengwa na watu katika karne ya 5, chenye umbo la tundu la ufunguo, urefu wake mita 486, na kimezungukwa na mahandaki matatu ya maji. Upande mmoja wa Piramidi ya Khufu kule Giza una mita 230 hivi. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2018, vilivyofika hadi chini ya maji, vilionyesha kwamba mwanzoni kilikuwa kirefu zaidi, kama mita 525. Mwaka 1985 kampuni ya ujenzi ya Obayashi ilipiga hesabu ya kukijenga kwa zana za kale: watu hadi 2,000 kwa siku, miaka 15 na miezi 8. Msomaji aliyependa kisa cha moshi akisimama mbele ya hesabu hiyo lazima ajiulize nani aliwapikia watu 2,000.

Mwaka 2019 UNESCO iliyaandika makaburi 49 ya Mozu na Furuichi, likiwemo hili, katika Urithi wa Dunia.

Aliyezikwa humo ni Nintoku kweli?

Serikali inasema ndiye. Wanaakiolojia wana shaka, na sababu moja inatosha: kaburi linalohesabiwa kuwa la mwanawe Richu, jirani hapo Sakai, linaonekana kuwa la zamani kuliko la baba. Ndiyo maana wengi hutumia jina Daisen.

Kufukua kungesaidia, ila shirika linaloshughulikia mambo ya familia ya kifalme linalitunza kama kaburi la babu ambaye bado anafanyiwa ibada. Mwaka 1872 udongo wa upande wa mbele uliporomoka, likaonekana jeneza la mawe, deraya na kofia ya vita, vyote vikachorwa na kurudishwa. Mwaka 2018 shirika hilo na mji wa Sakai walichimba pamoja kidogo kwenye tuta la ndani, wakapata sakafu ya mawe na safu ya haniwa, vyombo vya udongo vilivyopangwa kulizunguka kaburi.

Mgeni anaweza kuingia?

Haruhusiwi. Kuna mahali pa kutolea heshima mbele, na njia ya kuzunguka nje ya urefu wa kilomita 2.8 hivi. Ukiwa chini huoni umbo, unaona maji na msitu. Wengi hupanda ghorofa ya 21 ya jengo la manispaa ya Sakai kutazama kutoka juu, bila malipo.

Kwa nini mahali hapo panaitwa Mozu?

Mozu ni mbwigu, ndege mdogo mla nyama. Nihon Shoki inasema Nintoku alichagua mwenyewe mahali pa kuzikwa, mwaka wa 67. Siku kazi ilipoanza, kulungu alitoka porini mbio, akaingia katikati ya wafanyakazi, akaanguka akafa. Walipomkagua kuona kilichomuua, mbwigu alitoka sikioni mwake akaruka, na ndani ya sikio nyama ilikuwa imeliwa. Pakaitwa Mozu-no-mimihara, uwanda wa sikio wa mbwigu. Leo mbwigu ndiye ndege wa mkoa wa Osaka.